Shajara ya mradi: kuipima mashine kuukuu ya boti kabla ya kuiamini majini

Siku ya 1

Nimefika kuiona mashine nikamkuta mwenyewe keshashika kamba ya kuwashia, tayari kunionyesha. Nikamwamkia, nikamwomba asubiri kidogo. Nikavua kofia ya mashine, nikaweka kiganja juu ya silinda hedi, kifuniko cha silinda. Ina joto. Si joto la jua, maana imewekwa kivulini. Ni joto la chuma kilichotoka kufanya kazi muda si mrefu.

"Mzee, samahani, naomba nirudi keshokutwa. Na tafadhali usiiguse mpaka nifike."

Akacheka, akasema aliiwasha ili asinipotezee muda. Namwamini. Lakini mashine iliyokwisha kupashwa moto haina la kunieleza kuhusu inavyoamka. Ringi za pistoni zilizolegea, choki mbovu, kabureta yenye utando wa petroli ya zamani, haya huonekana chuma kikiwa baridi kabisa. Heri nirudie safari.

Kwa kumbukumbu: tu-stroki, silinda 2, nguvu farasi 40, huwashwa kwa kamba, oili huchanganywa kwenye petroli kwa uwiano wa 50 kwa 1. Shafti ni ndefu, inchi 20, sawa na ubao wa nyuma wa boti yangu. Hilo nililipima kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu mashine ya shafti fupi ya inchi 15 kwenye ubao mrefu itavuta hewa badala ya kusukuma maji, hata iwe nzima namna gani. Umri wake umepita miaka 25.

Umri haunitishi. Mashine yangu iliyopita haikuwa kuukuu hata kidogo; iliwaka asubuhi kwa mvuto mmoja, ikazima mchana tukiwa watu 6 ndani, upepo unatusukuma kwenye miamba. Nanga ndiyo iliyotushika. Tangu siku ile neno "inawaka" silihesabu kuwa jibu. Nataka kujua kama itawaka tena ikiwa moto, imebeba mzigo, na nchi kavu iko mbali.

Siku ya 3

Leo hedi ni baridi kama jiwe la kisima. Choki nje, pampu ya mkono ya kwenye mpira wa petroli nikaibana mpaka ikawa ngumu. Mvuto wa kwanza kimya, wa pili ikakohoa, wa tatu ikawaka. Moshi wa bluu ukatanda, ukapungua baada ya dakika 2 hivi. Kwa tu-stroki iliyolala, hiyo ni salamu ya kawaida. Tuliiwashia kwenye pipa la maji, kwa hiyo kuhusu nguvu yake sikuandika kitu: pipa halina mzigo, na mashine yoyote hujiona shujaa ndani ya pipa. Ilikojoa maji tangu mwanzo, yaani maji ya kupoozea yalirushwa nje, ila mkojo wenyewe mwembamba.

Nikauliza yangu matatu. Ilifanya kazi maji gani? Ya chumvi. Ilikuwa inasuuzwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, baada ya kila safari? "Mara nyingi." Impela mpya, gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoozea, iliwekwa lini? Akafikiri sana, akasema hakumbuki. Jibu hilo limenipa moyo kuliko tarehe ya kubuni.

Tumeelewana hivi: nakaa nayo wiki 3, naifungua nitakavyo, ninachovunja nalipa, nikiridhika naichukua. Najua si kila muuzaji atakubali. Huyu anaiacha kwa sababu mgongo umemkatalia kuvuta kamba, na nadhani anataka iende kwa mtu atakayeitunza.

Siku ya 4

Siku ya kutazama tu, bila spana.

Mguu wa chini umepakwa rangi upya, kichwa hakijaguswa. Rangi mpya si dhambi, lakini mtu hupaka rangi mahali anapotaka macho yapite haraka, kwa hiyo mimi nimekaa hapo hapo. Nilipokwangua nimekuta kwenye pezi la chini mshono wa kuchomelea, uliosagwa vizuri. Iliwahi kugonga kitu. Nikaegemeza kijiti kwenye mguu, ncha yake ikikaribia mwisho wa shafti ya propela bila kuigusa, nikazungusha propela polepole kwa mkono. Pengo kati ya ncha na shafti halikubadilika. Shafti imenyooka. Pezi lilikufa peke yake, ndiyo kazi yake.

Kwenye hedi rangi ni ya kiwandani na haijaungua wala kufura. Hiyo ni habari njema kubwa, kwa kuwa mashine iliyowahi kuchemsha vibaya huacha alama pale pale. Kwenye kifuniko cha thamostati, vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya kupoozea, hata hivyo, kuna unga mweupe kuzunguka bolti: aluminiamu inaliwa na chumvi kutoka ndani kuja nje. "Mara nyingi" ya mzee sasa nina picha yake.

Zinki ya mguuni imepakwa rangi pamoja na mguu! Aliyepaka alidhani anaipendezesha. Zinki ipo ili iliwe yenyewe badala ya mashine, na ikifunikwa rangi hailiwi, kinacholiwa ni mashine. Nimeikwangua mpaka chuma kikang'aa. Chini ya rangi ilikuwa imeliwa karibu nusu, maana yake kabla ya kupakwa ilikuwa inafanya kazi. Ikibidi kuibadilisha nitaweka ya zinki au ya aluminiamu. Ya magnesi ni ya maji baridi tu, kwenye chumvi huyeyuka kabla ya wakati.

Nikashika pezi nikatikisa mguu kushoto na kulia. Mpira wa viegemeo umelegea kidogo, si wa kutisha. Bawaba ya kuinulia nzito, inataka grisi. Namba ya kibao cha kwenye bano inalingana na ile iliyogongwa kwenye bloku, kwa hiyo kichwa na bano havikuokotwa sehemu mbili tofauti.

Siku ya 5

Leo gia boksi, na ningeweza kuandika kurasa kumi.

Mashine ilisimama wima usiku kucha, makusudi. Maji ni mazito kuliko oili. Ukiiacha itulie, maji hushuka yakakaa kwenye skrubu ya chini, na hiyo ndiyo ya kufungua kwanza. Ukianza kwa kuiwasha, gia hukoroga vyote viwili, na hapo utajua kwamba maji yapo lakini hutajua ni mengi kiasi gani.

Nikakinga chupa ya plastiki iliyokatwa, nikalegeza skrubu nusu mzunguko tu. Tone la kwanza lilikuwa safi kama chozi. La pili vilevile. Nimehesabu matone 14 ya maji matupu kabla ya oili kuanza kuja, nayo ina rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Nikafungua skrubu ya juu ili hewa iingie, yote ikamwagika.

Moyo ulinishuka, siwezi kusema vingine. Wengi wakiona oili nyeupe hufunga skrubu na kuaga. Lakini oili nyeupe inajibu swali moja tu, kwamba maji yanaingia. Bado kuna mawili: yanaingilia wapi, na yamekaa muda gani.

Kwenye ncha ya skrubu kuna sumaku ndogo. Ilikuwa na tope la kijivu, laini, nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada: hakuna punje, hakuna kinachokwaruza. Tope hilo ni uchakavu wa kawaida wa meno ya gia. Vipande vyenye ncha, vinavyomeremeta kama magamba ya samaki, ndivyo vya kukimbia. Harufu pia haikuwa ya kuungua.

Nikatoa propela. Nyuma ya wosha kubwa nikamkuta mhalifu: mshipi wa nailoni umejizungusha kwenye shafti, duara juu ya duara, mpaka joto la msuguano likaugeuza pete moja ngumu. Nilikata kwa wembe nikauvuta vipande vipande. Chini yake mdomo wa sili, pete ya mpira inayozuia maji, ulikuwa umechanika upande mmoja, upana wa ukucha. Sasa najua maji yanaingilia wapi, na sababu haina uhusiano wowote na umri wa mashine. Mshipi huo ungechana sili ya mashine iliyotoka kwenye sanduku lake jana.

Kabla ya kurudisha propela nimepiga mstari wa rangi kwenye kitovu chake, unaovuka mpira wa katikati kutoka chuma cha ndani hadi cha nje. Mpira ukiteleza majini, mstari utakatika nami nitajua.

Siku ya 6

Plagi. Ya juu ni ya hudhurungi, ndiyo rangi ninayoipenda. Ya chini ni nyeusi na ina mafuta kiasi. Hakuna kutu wala vipunje vya aluminiamu kwenye kauri, kwa hiyo maji hayaingii silindani na pistoni haiyeyuki. Hii nyeusi inaweza kuwa kabureta, inaweza kuwa cheche dhaifu. Nimeziweka kila moja kwenye kikopo chenye jina lake.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa silindani: plagi zote mbili nje, nyaya zake nimezifunga kwenye bodi ili kisanduku cha CDI, kile kinachotuma umeme wa cheche, kisirushe umeme usio na pa kwenda, mkono wa mafuta wazi kabisa ili hewa iingie kwa wingi, nikavuta kamba mpaka mshale wa mita ukagoma kupanda. Juu paundi 118 kwa inchi ya mraba, chini 114. Mara ya pili, 118 na 115. Kwa mashine za aina hii namba ya kati ya 100 na 130 ni ya kawaida, lakini mimi siangalii namba yenyewe kama ninavyoangalia tofauti. Mita ikidanganya, inazidanganya silinda zote mbili kwa kipimo kimoja. Tofauti ikipita asilimia 10, kuna jambo. Hapa haifiki 4.

Kamera ya waya ikaingia kwenye tundu la plagi. Silinda ya chini safi, mikwaruzo ya msalaba ya kiwandani bado inaonekana ukutani. Ya juu, upande wa tundu la eksozi, ina mistari 2 ya wima, myembamba kama unywele. Chembe ilipita hapo zamani. Ingekuwa mtaro ningeirudisha mashine leo hii. Mistari naikubali.

Nimelala na furaha. Kompresheni nzuri hulewesha.

Siku ya 8

Kifuniko cha beringi cha shafti ya propela kilikuwa kimegandishwa na chumvi. Ilichukua siku moja na nusu ya oili ya kupenyeza, joto kidogo na kifaa cha kuvutia, bila kupiga nyundo. Beringi zote nimezizungusha sikioni: kimya. Hakuna vishimo vya kutu, kwa hiyo maji hayakukaa miezi. Sili ziko 2 zinazopeana mgongo, moja inazuia oili kutoka na moja inazuia maji kuingia. Mpya zote.

Nikaijaza hewa kwa pampu ya mkono hadi paundi 10, nikaizamisha kwenye pipa. Dakika 15, hakuna povu hata moja. Ndipo nikatia oili ya gia, nikiisukuma kutoka tundu la chini mpaka ikafurika tundu la juu, skrubu ya juu ikafungwa kwanza, kisha ya chini, na wosha mpya kwa zote mbili. Ukitilia juu unafungia hewa ndani, na utadhani imejaa kumbe haijajaa.

Siku ya 10

Mfumo wa maji. Impela ilipotoka ilikuwa na sura ya uchovu: mabawa yote yamelala upande mmoja na hayanyooki hata ukiyasubiri, moja lina ufa shinani. Ndiyo maana ya ule mkojo mwembamba. Kikombe chake kina mistari ya mchanga lakini kidole hakikwami. Impela ni kitu cha mpira kinachosugua chuma, haidumu. Mashine ya mkono wa pili ninaiwekea mpya hata ile ya zamani ikionekana nzuri, na sipotezi muda kubishana.

Kwenye thamostati ndiko nilikolia. Bolti 4, tatu zilifunguka kwa kuzipasha moto, kukaza kidogo na kulegeza kidogo, kukaza na kulegeza. Ya nne iliniambia kwa mkono, kabla ya sikio, kwamba inajipinda. Nilihisi spana inakuwa laini ghafla kama inayochovya kwenye nta. Nikaacha, nikapasha tena, nikarudi, ikakatika hata hivyo. Nimeitoboa katikati kwa vipekecho vinne, kuanzia chembamba, na kukata nyuzi upya. Saa 5 kwa bolti moja. Sasa zote 4 zina grisi ya majini, ili atakayezifungua baada yangu asipitie haya.

Thamostati nimeitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, kipimajoto pembeni. Ilianza kufunguka kwenye nyuzi 51, ilipofika 62 ilikuwa wazi kabisa, na ilipopoa ikafunga yote. Nzima. Chumba chake nilikikwangua chumvi nikapata kiasi cha kujaza kijiko.

Siku ya 12

Majini, hatimaye. Boti imebeba watu 2 na mifuko ya mchanga ya kufanya uzito wa wengine 3. Makasia yamo, nanga imo, na rafiki yangu anatufuata kwa boti yake.

Imewaka baridi kwa mvuto wa pili. Mkojo sasa ni mnene, unafika mbali. Mafuta yote wazi: mizunguko 4,900 kwa dakika, na kijitabu chake kinataka kati ya 4,500 na 5,500, kwa hiyo propela inafaa na nguvu ipo. Nikaingiza gia, nikatoa, nikarudisha nyuma, nikaingiza tena. Haikuruka gia hata chini ya mzigo. Hedi kwa kipimajoto cha kulenga: juu 61, chini 58. Mstari wa kitovu cha propela haujakatika. Dakika 10, dakika 20, dakika 30. Nilianza kufikiri jina la kuiita.

Dakika ya 36 nguvu ikaanguka. Tulikuwa kwenye mizunguko 4,000. Bila kuguswa ikashuka hadi karibu 2,700 na boti nzima ikaanza kutetemeka. Silinda moja imelala. Nikapunguza mafuta, ikazima. Kuvuta kamba: ikawaka kwa shida, kwa silinda ile ile moja. Tukasubiri dakika 25, ikawaka kama ya asubuhi, ikaturudisha ufukweni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sikukasirika. Niliogopa, kwa sababu hivi ndivyo ilivyokuwa ile siku ya miamba.

Siku ya 13

Tumerudi pale pale na sanduku la zana. Safari hii niliingoja ianguke, na nilikuwa na mpangilio.

Ilipoanguka, dakika ya 33, nikaminya pampu ya mkono. Kama ingechangamka, kosa lingekuwa la pampu ya mafuta au mpira unaovuta hewa. Haikuchangamka. Nikafungua kifuniko cha tangi, kwa kuwa tangi lisilopumua hufanya hivi hivi. Hakuna badiliko. Nikaizima, nikafungua plagi zikiwa za moto: ya juu kavu, hudhurungi, ya chini inang'aa kwa petroli mbichi. Mafuta yanafika basi, yanakosa wa kuyachoma.

Kipima cheche nikakifunga kwenye bodi, rafiki akavuta. Waya wa juu: cheche ya bluu, inapiga kwa sauti. Waya wa chini: giza. Akavuta mara 6, giza. Nikachovya kitambaa, nikakikamua sana, nikakilaza juu ya koili ya chini tu, ile inayozalisha cheche ya silinda hiyo. Baada ya dakika 2 hivi akavuta tena, na cheche ikarudi, ya njano kwanza, halafu bluu.

Ile plagi nyeusi ya siku ya 6 ilikuwa imeshaniambia. Mimi nilikuwa nasikiliza kompresheni.

Siku ya 14

Kitambaa ni dalili, nataka ushahidi. Nimehamisha koili zenyewe: ya chini juu, ya juu chini, nyaya zikabaki na silinda zake. Kama kosa litabaki chini, basi ni CDI, au koili ndogo za chini ya flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na kamba), au nyaya. Likipanda juu, ni koili.

Dakika ya 34, silinda ya juu ikalala.

Siku ya 15

Nimeipima kwa mita ya umeme mezani. Baridi: kilo-omu 3.6 na 3.5, zote mbili zinafaulu mtihani, na fundi yeyote angezirudisha mahali pake. Nikaipuliza ile mbaya kwa mashine ya kukaushia nywele huku nyaya za mita zikiwa zimeshikizwa. Namba ilipanda taratibu, 3.7, 3.8, kama inavyostahili shaba ikipata joto, kisha ikatoweka. Mita ikaonyesha njia imekatika. Nilipoiacha ipoe, namba ikarudi.

Ndani ya koili kuna maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele, umezikwa ndani ya gundi ngumu. Mahali fulani umekatika. Ikiwa baridi, ncha mbili zinagusana. Ikipata joto, vyote vinatanuka na ncha zinaachana. Kuipima baridi ni kumuuliza mtu kama anaumwa wakati homa imetoka.

Siku ya 16

Nimempigia mzee. Sikumpigia kulalamika, nilikuwa na swali moja: ilikuwa inakwenda kwa muda gani kabla ya kupumzishwa?

"Mwanangu, mitego yangu ilikuwa karibu. Dakika kumi na tano, ishirini. Nafika, nazima, nafanya kazi yangu saa nzima, narudi."

Kwa hiyo hakunificha kitu. Mashine haikuwahi kumwangusha kwa sababu hakuwahi kuifikisha dakika ya 30. Aliposema "haijawahi kunisumbua" alisema kweli, ila kweli ya safari zake, na zangu ni za saa moja na zaidi. Swali hili sikuwahi kumuuliza muuzaji yeyote, na sasa nitaliuliza kabla ya lile la impela: ulikuwa unaipeleka mbali kiasi gani kwa mkupuo mmoja? Halafu nitaipima kwa mara mbili ya jibu.

Koili zote mbili zimeagizwa mpya. Ya pili bado ni nzima, lakini zina umri mmoja na zimekula joto moja. Itakaa sandukuni kama akiba.

Siku ya 19

Koili zimefungwa, sehemu za kugusana na bodi nimezisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Plagi mpya.

Saa 2 na dakika 10 mfululizo, mizunguko kati ya 3,800 na 4,300, mzigo ule ule. Hakuna kuyumba. Kisha sehemu niliyoiogopa zaidi: nikaizima ikiwa moto kabisa, nikangoja dakika 10. Baada ya kuzima maji hayapiti tena na joto la bloku hupanda juu kwenye kabureta na koili, ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mashine dhaifu. Mvuto mmoja. Nikarudia mara 5, dakika 5, 10, 15, 20, na 10 tena. Ilitaka mivuto 2 mara moja tu, baada ya ile ya 20, na hapo nilikuwa nimesahau kuibana pampu ya mkono.

Kurudi, nusu saa kwenye mwendo wa chini ikiwa kwenye gia. Haikuzima wala kujaa moshi. Nikafungua plagi ufukweni: zote mbili zina rangi moja.

Siku ya 21

Usiku mzima imesimama wima. Asubuhi nimelegeza skrubu ya chini ya gia boksi nusu mzunguko na kukinga matone machache kwenye kioo. Oili tupu, angavu, hakuna chozi.

Nimemwambia mzee kwamba naichukua, na nimemweleza yote, pamoja na koili na zinki iliyopakwa rangi. Kwa zinki alinyamaza, kisha akasema rangi aliipaka mwenyewe. Ameniomba nimpitie siku moja aisikie ikipita.

Ndani ya kofia nimeandika kwa kalamu isiyofutika: sili za propela mpya, impela mpya, koili 2 mpya, oili ya gia mpya, saa 0. Zilizobaki ni mpira wa viegemeo na grisi ya bawaba, na kukagua tena oili ya gia ikifika saa 10. Koili ya zamani nzima, plagi 2, pini, spana yake na kipima cheche vimefungwa kwenye mfuko usioingiza maji chini ya kiti cha nyuma. Safari ya kwanza na watu ni Jumamosi, saa moja kwenda na saa moja kurudi, na rafiki yangu atatufuata.